Sura ya 7: Mbona Diski ya Kasi Inakopi Polepole?

Jumapili jioni, mpiga video wa harusi mjini Nakuru anafungua kisanduku cha SSD mpya. Jana alishinda huko Bahati kwenye ngurario, harusi ya kitamaduni ya Wakikuyu, na kadi za kamera zake tatu zimejaa. Ukizijumlisha ni gigabaiti 300 hivi. Kisanduku kimeandikwa kwa herufi kubwa: megabaiti 2,000 kwa sekunde. Anapiga hesabu kichwani. Dakika mbili na nusu, kisha alale. Anachomeka, anaanza kukopi, na kompyuta inamwambia angoje saa mbili na dakika ishirini.

Swali lake ndilo ninaloulizwa zaidi kuhusu vifaa vya kuhifadhia kazi: nimelipia kasi, sasa kasi iko wapi? Wengine huliuliza kwa hasira, wakiamini wameuziwa bandia. Mara nyingi diski haina kosa. Tatizo limekaa njiani, kati ya kadi ya kamera na diski yenyewe, na njia hiyo hakuna aliyemwonyesha mnunuzi alipokuwa kaunta.

Fikiria nyumba yenye tangi la lita elfu kumi juu ya paa. Bomba linaloshuka ukutani ni la inchi mbili, lakini mfereji wa jikoni ni wa nusu inchi. Ongeza tangi lingine ukitaka. Sufuria itajaa kwa mwendo ule ule. Kuchagua SSD ni kazi ya fundi bomba: kwanza unatafuta pembamba pako ni wapi.

Hadi diski na SSD

Hadi diski (hard disk) ya kawaida ina sahani zinazozunguka, mara 5,400 kwa dakika katika nyingi ya zile ndogo za kubeba mkobani. Juu ya sahani kuna mkono wenye kichwa cha kusomea, mfano wa sindano ya santuri. Faili ikiwa upande mwingine wa sahani, mkono lazima usogee na sahani izunguke mpaka mahali pale pafike chini ya kichwa. Hiyo huchukua sehemu moja ya mia ya sekunde, au zaidi kidogo. Kwa binadamu si kitu. Kwa kompyuta inayotafuta vipande elfu tano, ni karibu dakika nzima ya kutafuta tu.

SSD haina sahani wala mkono. Ni chipu tupu, zenye vyumba vidogo mno vinavyoshika chaji ya umeme. Ni ukoo mmoja na kumbukumbu iliyo ndani ya simu yako na ndani ya flashi unayotundika kwenye funguo. Aliyevumbua aina hii ya kumbukumbu ni Mjapani Fujio Masuoka, akifanya kazi Toshiba katika miaka ya 1980. Kwa kuwa hakuna kinachosogea, kutafuta kipande cha faili kunachukua muda mdogo kuliko wa hadi diski kwa takriban mara mia.

Hapa nasisitiza jambo ambalo matangazo hayalisemi. Kwa mtu anayehariri video, faida kubwa ya SSD ni huko kutafuta, kuliko namba kubwa ya kisandukuni. Video ya 4K kutoka kamera nyingi za harusi hurekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde, yaani megabaiti 12.5. Kamera tatu zikichezwa kwa pamoja ni megabaiti 37.5. Hadi diski inayosoma megabaiti 110 kwa sekunde ingetosha kwa hesabu ya karatasi, lakini kila unaporuka kutoka kamera ya bibi harusi hadi ya wazee, mkono nao unaruka, na picha inakwama. Hata SSD ya bei ya wastani inamaliza kero hiyo. Ile ya bei mara mbili inaimaliza kwa kiwango kile kile.

Njia nzima, kutoka kadi hadi diski

Kabla ya namba, tuelewane kuhusu biti na baiti, kwa sababu wauzaji hunufaika na mkanganyiko wake. Baiti moja ni biti nane. Matundu na kebo hupimwa kwa biti. Faili na diski hupimwa kwa baiti. Ukisoma "gigabiti 10 kwa sekunde", gawanya kwa nane upate megabaiti 1,250, kisha punguza kidogo kwa shughuli za njiani. Inabaki elfu moja hivi.

Zile gigabaiti 300 za Bahati, kama njia ingekuwa wazi mwanzo hadi mwisho, zingesafiri hivi:

- USB 2.0, megabiti 480: kwa kazi halisi megabaiti 35 hivi kwa sekunde. Saa 2 na dakika 20.
- Tundu la gigabiti 5: megabaiti 400 hivi. Dakika 12 na nusu.
- Tundu la gigabiti 10: megabaiti 1,000 hivi. Dakika 5.
- Tundu la gigabiti 20: megabaiti 2,000 hivi. Dakika 2 na nusu.
- Tundu la gigabiti 40, yaani USB4 au Thunderbolt: megabaiti 3,000 hivi kwa SSD nzuri. Chini ya dakika 2.

Majina ya USB usiyakariri. Kile kilichoitwa USB 3.0 mwaka 2008 kilibatizwa upya kuwa 3.1 Gen 1, kisha 3.2 Gen 1, na mwendo wake haukubadilika hata kidogo: ni gigabiti 5 tangu mwanzo. Muulize muuzaji namba tu: tano, kumi, ishirini au arobaini? Asiyejua ajibu nini, afungue karatasi ya maelezo mkiwa wote wawili.

Sasa turudi kwa ndugu yetu wa Bahati. Saa mbili na dakika ishirini ni saini ya USB 2.0, na pembamba pake pa kwanza palikuwa kebo. Kebo fupi iliyokuja na SSD aliiacha kisandukuni kwa kuwa ya simu ilikuwa tayari mezani, na kichwa ni kile kile cha USB-C. Kebo nyingi za kuchajia simu zina nyaya za umeme na zile za USB 2.0 pekee, hata zikiwa nene na nzuri machoni. Hata mimi niliwahi kupoteza jioni nzima hivyo, nikiilaumu diski. Tangu siku ile kebo ya diski zangu ina utepe mwekundu, na haichaji simu ya mtu.

Pembamba pa pili ni tundu la kompyuta. Wengi wetu katika Bonde la Ufa tunafanya kazi kwa laptopu za ex-UK, zile zilizotumika ofisini Ulaya zikaletwa huku. Ni mashine imara, lakini matundu yake yanadanganya macho. ThinkPad T480 ya mwaka 2018, kwa mfano, ina matundu mawili ya USB-C yaliyokaa jirani. Moja ni la gigabiti 5, lingine ni Thunderbolt 3 la gigabiti 40, na kinachoyatofautisha ni kijialama cha radi. Matundu ya zamani ya mstatili yaangalie ndani: ulimi wa buluu kwa kawaida ni gigabiti 5, mweusi mara nyingi ni USB 2.0.

Kuna mtego mwingine kwa wanaonunua SSD za gigabiti 20. Kiwango hicho hufanya kazi tu tundu la kompyuta likiwa limetengenezewa kiwango hicho hasa. Laptopu nyingi hazinacho, nyingi za Apple zikiwemo, na hata tundu la gigabiti 40 haliahidi kukitambua. Kisipotambuliwa, SSD inashuka hadi 10. Umelipia 20 ukatumia 10, na hakuna ujumbe wowote utakaokujulisha.

Pembamba pa tatu ndipo panapoumiza wapiga video zaidi, napo ni kadi yenyewe. Geuza kadi ya SD uone mgongo wake. Ikiwa na safu moja ya vijino vya shaba, kikomo chake rasmi ni megabaiti 104 kwa sekunde, na kwa kawaida utapata 90. Ikiwa na safu mbili, kikomo ni 312, lakini kisoma-kadi nacho lazima kiwe cha safu mbili. Kwa kadi za safu moja, gigabaiti 300 zitachukua dakika 55 hata ukiwa na SSD ya bei gani. Mtu wa namna hiyo pesa yake ingefanya kazi kubwa zaidi kwenye kadi na kisoma-kadi.

Kwa ufupi: kadi, kisoma-kadi, tundu, kebo, diski. Kasi yako ni ya kile cha chini kabisa kati ya hivyo vitano.

Ua wa ghala ukijaa

Tuseme njia yote ni pana. Bado kuna jambo moja ndani ya SSD, na nitalikalia kidogo kwa sababu ndilo linalotenganisha SSD nzuri na ile inayofanana nayo tu.

Mtu wa Nakuru ameona malori ya mahindi kwenye ghala la nafaka msimu wa mavuno. Lori la kwanza halingoji. Magunia yanashushwa uani haraka, dereva anaondoka. La pili vivyo hivyo, na la tatu. Ndani ya ghala vijana wanapanga magunia kwa utaratibu, polepole. Ua ukijaa, hakuna tena pa kushushia. Lori linangoja gunia moja lipangwe ndani ndipo jingine lishuke, na foleni inafika barabarani.

SSD nayo ina ua wake, uitwao kashe. Siri iko katika namna chumba kidogo kinavyoshika habari. Chukua gorogoro ya kupimia mahindi. Kutambua kama imejaa au ni tupu ni kazi ya kutupa jicho. Hiyo ni biti moja, na kuiandika ni haraka. Lakini nikikutaka uijaze kwa moja ya viwango 8 tofauti usikosee, utapunguza mwendo. Nikitaka viwango 16, utainama na kupimapima. Chipu zinazoshika biti tatu kwa chumba, zenye viwango 8, zinaitwa TLC. Zinazoshika biti nne, zenye viwango 16, ni QLC. QLC ni nafuu kwa sababu chumba kimoja kinabeba zaidi, ila kuandika ni kwa shida. Ndiyo maana diski huandika kwanza uani kwa mtindo wa imejaa-au-tupu, kisha hupanga ndani baadaye.

Mfano ulio wazi ni SSD ya kuweka ndani ya kompyuta, Samsung 870 QVO ya mwaka 2020, kwa sababu kampuni yenyewe iliandika namba zote mbili. Ile ya terabaiti 1 huandika megabaiti 530 kwa sekunde mpaka ua wake wa gigabaiti 42 ujae, kisha hushuka hadi 80. Ukiimiminia gigabaiti 300 bila kupumzika, itamaliza kwa dakika 55 hivi. Hadi diski ya megabaiti 110 ingemaliza kwa 45. Yaani SSD imeshindwa na sahani inayozunguka, na haijaharibika; inafanya ilivyoandikiwa.

Kwa mwanafunzi wa Egerton kule Njoro anayehifadhi notisi na picha, ua hautajaa kamwe, na QLC ya bei nafuu itamfaa. Kwa anayemwaga gigabaiti mia tatu kila Jumapili, TLC ni lazima. Maelezo yasipotaja aina ya chipu, soma majaribio ya watu walioiandikia diski hiyo mfululizo, na utafute kasi baada ya dakika kumi. Ya dakika ya kwanza waachie watengeneza mabango. Tena usiijaze diski mpaka pomoni, kwa maana katika SSD nyingi nafasi tupu ndiyo ua wenyewe.

Hofu ya kuwa SSD huisha kwa kuandikwa naikuta sana, na kwa kazi zetu haina msingi mkubwa. Samsung 870 EVO ya terabaiti 1, ambayo ni TLC, ina dhamana ya kuandikwa terabaiti 600. Ukiandika gigabaiti 300 kila wiki, ni terabaiti 15.6 kwa mwaka. Utaifikia baada ya miaka 38.

Vumbi la Soysambu, jua la Naivasha

Tangu Safari Rally iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, na Naivasha kuwa makao yake, vijana wengi wa eneo hili wamejifunza kurekodi wakiwa ndani ya vumbi. Vumbi la Soysambu na Kedong, zilikopita mbio hizo, ni laini kama unga uliopita chekecheni mara mbili, na huingia hata ndani ya begi lililofungwa zipu. Kwa kazi kama hiyo tafuta alama ya IP kwenye maelezo. Tarakimu yake ya kwanza ni ya vumbi, na 6 ndiyo ya juu kabisa, yaani vumbi haliingii. Ya pili ni ya maji. IP65 maana yake imezibwa vumbi na inastahimili kurushiwa maji, ila si ya kuzamishwa. Samsung T7 Shield ina alama hiyo.

Kuhusu kuanguka usiwe na wasiwasi mwingi. SSD haina kinachozunguka ambacho kingevunjika. Joto ndilo adui. SSD ikipata moto inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Nakuru iko juu, mita 1,850 hivi, na baridi ya jioni inasaidia, lakini kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Naivasha mambo ni mengine. Wakati wa kukopi iweke mahali penye hewa, juu ya meza. Usiifunike na begi.

Terabaiti kumi na sita kwa elfu nne

"Bosi, hii ni orijino, terabaiti kumi na sita, nakupea kwa elfu nne." Ukisikia hivyo, rudisha pochi mfukoni. Hadi ninapoandika, SSD za mfukoni za kampuni zinazojulikana huishia terabaiti 8, na hizo ni ghali. Ukifungua hiyo ya elfu nne mara nyingi utakuta kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu iliyogandishwa kwa gundi, na programu iliyofundishwa kuiambia kompyuta uongo kuhusu ukubwa wake. Ubaya wake hauonekani siku ya kwanza. Majina ya faili yanaandikwa vizuri, folda inapendeza, na siku bwana harusi anapodai video yake hakuna faili inayofunguka.

Kuna programu za bure zinazoijaza diski yote na kusoma tena kila kilichoandikwa: H2testw kwa Windows, F3 kwa Mac na Linux. Zinachukua muda. Fanya siku ile ile uliyonunua, risiti ikiwa bado mkononi. Na kama ni parseli iliyokuja na matatu kutoka Nairobi, kubaliana na muuzaji kuhusu kurudisha kabla ya kutuma pesa.

Jambo moja si ulaghai: terabaiti 1 kuonekana 931 kwenye Windows. Mtengenezaji huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024. Nafasi ni ile ile.

Nikiulizwa "basi ninunue ipi?", jibu langu kwa mpiga video wa kawaida wa Nakuru, Gilgil au Molo halijabadilika: terabaiti 1 au 2, gigabiti 10, chipu za TLC, IP65 kama anatoka nje ya mji. Ya gigabiti 20 amwachie mwenye kompyuta iliyothibitishwa kuwa na tundu lake. Ya 40 ni ya studio zinazohariri video zisizobanwa. Mwenye iPhone 15 Pro au Pro ya baadaye anaweza kuichomeka ile ya 10 moja kwa moja kwenye simu na kurekodi humo, ila kebo iwe ya kweli.

Stima ikipotea

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu Kenya nzima, na sehemu nyingi zilikesha gizani kuamkia Jumamosi, siku ya harusi. Aliyekuwa akikopi kwa kompyuta ya mezani bila betri ya akiba alikatwa katikati ya faili.

Hilo lina uzito kwa sababu ya mpangilio wa diski, yaani daftari linaloandika kila faili imekaa wapi. SSD nyingi za nje huja na mpangilio wa exFAT, unaosomeka na Windows na Mac pia. Unafaa, na unapokea faili kubwa, tofauti na FAT32 ya zamani inayokataa faili ya kufika gigabaiti 4. Lakini exFAT haina kumbukumbu ya kazi iliyokuwa ikiendelea; ikikatwa ghafla, daftari linaweza kuvurugika. Kama unatumia Windows pekee, NTFS ina ulinzi huo. Kama ni Mac pekee, APFS. Na ukimaliza, iambie kompyuta iiachilie diski kabla ya kuchomoa.

Hata ukifanya yote hayo, diski moja haitoshi. Mwaka 2023 Western Digital ililazimika kutoa marekebisho ya programu ya ndani kwa baadhi ya SSD za SanDisk Extreme na Extreme Pro, kwa sababu zilikuwa zikijikata ghafla kwenye kompyuta. Hizo hazikuwa za elfu nne. Tena SSD si kabati la kuweka vitu miaka kumi, kwani chaji ndani ya vyumba vyake huvuja polepole bila umeme. Kiwango cha watengenezaji kinaitaka ile iliyokwisha kutumika hadi mwisho wa dhamana yake ya kuandikwa ishike habari mwaka 1 katika nyuzi 30. Harusi ya mwaka jana ihamie kwenye hadi diski, ambayo kwa kila terabaiti ni nafuu sana.

Ndugu yetu wa Bahati, ambaye kadi zake ni za safu moja, angekopi kwa dakika 55 kwa SSD ya gigabiti 10, kama ambavyo angekopi kwa ile ya 20. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili angeielekeza kwenye hadi diski ya pili. Hiyo ilale nyumba nyingine, kwa dada yake Njoro au kwa mama, na kadi za kamera zisifutwe kabla haijafika huko.